Bahari ya rezini imekugomea? Dalili, chanzo na tiba

Bahari ya rezini ni picha ya ufukwe na mawimbi inayotengenezwa kwa kumwaga rezini ya rangi juu ya ubao au trei. Rezini yenyewe ni epoksi, kimiminika kinachoganda kikichanganywa na kigumishi chake. Maelekezo yaliyobandikwa kwenye chupa za epoksi karibu yote yameandikwa kwa ajili ya chumba cha nyuzi 22 hadi 24, chenye hewa kavu. Wewe uko Tanga, Mombasa au Unguja, mwezi wa Februari, kaskazi linavuma, chumbani nyuzi 31, na chumvi imelowa ndani ya kopo lake jikoni. Chupa ni ileile uliyoiona kwenye video ya mafunzo, lakini muda wa kufanyia kazi umepungua karibu nusu, maana kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kukauka hukaribia kuongezeka mara mbili. Unyevu nao unatafuta pa kuingilia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini hayatokani na rangi wala mkono wa msanii. Ni joto, unyevu na saa. Rangi hulaumiwa bure.

Kwanza, una epoksi kweli?

Duka la vifaa vya ujenzi ukiomba "rezini" tu, unaweza kupewa ya poliesta, ile ya kutengenezea boti na matangi ya faiba. Utaijua kwa harufu kali inayokupanda kichwani mara tu unapofungua kopo, na kwa kigumishi chake, kichupa kidogo kinachotiwa kwa matone, asilimia 1 au 2 hivi. Epoksi huja kwa chupa mbili kubwa, na vipimo vyake vinakaribiana: moja kwa moja, au mbili kwa moja.

Tofauti hii ina madhara. Fundi wa faiba akitaka poliesta ikauke upesi, huongeza matone. Ukiihamishia tabia hiyo kwenye epoksi umeharibu kazi, kwa sababu kigumishi cha epoksi ni sehemu ya ukuta wenyewe. Kikizidi, kinabaki bila mwenza na kazi haikauki kabisa.

Imelala usiku kucha na bado inanata

Usikimbilie kukwangua. Vaa glavu, iguse sehemu mbalimbali, kwa sababu namna inavyonata ndiyo inayoeleza kosa liko wapi.

Ikinata kwa mabaka, hapa ngumu pale laini, haikukorogwa ikaiva. Rezini inayong'ang'ania kuta na pembe za chini za kikombe haipati kigumishi chake, na mtu anayekikwangua kikombe mpaka tone la mwisho anaimwaga hiyohiyo mbichi juu ya kazi yake. Mara nyingi baka laini liko mahali kikombe kilipomaliziwa. Koroga polepole dakika 3 hadi 5, pitisha kijiti kwenye kuta na chini, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili kilicho safi, ukoroge tena dakika moja. Kile cha kwanza usikikung'ute.

Ikinata kote kwa usawa, kipimo kimekosewa, na hapa wengi huponzwa na mizani. Chupa ikisema 1:1 kwa ujazo, ni mililita kwa mililita. Rezini ni nzito kuliko kigumishi, kwa hiyo ukipima gramu 100 kwa gramu 100 umezidisha kigumishi. Tumia vikombe vyenye alama, au fuata uwiano wa uzito kama mtengenezaji ameuandika.

Kuna ile iliyokauka lakini ukikandamiza ukucha unaacha alama. Ama rangi imezidi, ama haijamaliza siku zake. Rangi isipite gramu 5 hivi kwa gramu 100 za mchanganyiko. Na kushikika baada ya saa 24 si kukomaa. Epoksi nyingi huchukua siku 3 hadi 7 kufikia ugumu wake kamili.

Tiba: palipo na majimaji, ondoa yote kwa kikwangulio, futa kwa asitoni au alkoholi ya isopropili, acha pakauke, mwaga upya. Panaponata tu bila majimaji, tabaka jipya lililochanganywa vizuri linaweza kufunika. Usipake kigumishi kitupu juu yake. Ushauri wa kufanya hivyo unazunguka sana na haujawahi kuwa kweli.

Inateleza, au imeingia ukungu

Sehemu ya juu ngumu, lakini ukipitisha kidole unahisi mafuta au nta, na mng'aro umefifia. Hiyo siyo rezini mbichi. Kigumishi kimekutana na unyevu na hewa ya ukaa kabla hakijamalizana na rezini, kikatengeneza utando juu. Habari njema ni kwamba utando huo unayeyuka kwenye maji. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa sponji, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza na kuuziba ndani ya mikwaruzo, na tabaka litakalofuata litabanduka.

Ukungu ulio ndani, usiooshwa, ni jambo jingine. Huo ni maji au viputo vidogo mno vilivyonasa: ubao haukukauka, kikombe kilioshwa kikabaki na tone, au umetia rangi ya akriliki yenye maji. Hautoki. Ukiwa kwenye buluu ya kina wala hauonekani. Ukiwa kwenye ukanda wa maji mafupi, ufunike kwa tabaka jipya la rangi.

Nunua kipima unyevu, ni kifaa kidogo na bei yake si kubwa. Hewa ikiwa chini ya asilimia 60 fanya kazi kwa raha; ikipita 80, subiri. Huku pwani unyevu hupanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo mazoea ya kumwaga usiku "kukiwa na utulivu" ndiyo yanayoleta utando. Mwaga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, madirisha yanayotazama upepo wa bahari yakiwa yamefungwa na mlango wa upande wa pili wazi ili hewa isigande. Kiyoyozi kinasaidia sana kwa sababu kinakausha hewa, ila usimwage kwenye chumba cha baridi kisha ukaubeba ubao kuupeleka barazani. Umande utaukalia papo hapo.

Kikombe kimepata moto, kimetoa moshi

Epoksi hutoa joto inapokauka, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea, linaharakisha ukaukaji, ukaukaji unaongeza joto. Gramu 500 kwenye kikombe chembamba, siku ya nyuzi 31, zinaweza kuganda mkononi mwako zikiwa zimeyeyusha plastiki. Kitoe nje, kiweke juu ya saruji au mchanga, usiinamie huo moshi.

Changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya mimina kwenye chombo kipana na kifupi. Hesabu unachohitaji: lita moja hufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita moja. Trei ya sentimita 40 kwa 60, kwa unene wa milimita 3, inataka mililita 720. Gawa kwa rangi zako, na kila rangi iwe na kikombe chake. Ufa kwenye kazi nene, au ubao uliopinda, mara nyingi ni joto hilohilo: rezini ya kufunikia meza haimwagwi zaidi ya milimita 3 hadi 6 kwa mkupuo. Ukitaka unene wa sentimita 3 nunua ile ya kumwagia kina kirefu, inayokauka polepole kwa makusudi.

Povu la wimbi halitoki

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, kwa hiyo twende taratibu.

Nyeupe ya kutengenezea povu ni titani dioksidi, unga wenye uzito karibu mara nne ya rezini. Ikikaa juu ya rezini safi isiyo na rangi, kisha ikapulizwa hewa ya moto, hutanuka ikawa utando mwembamba na kuanza kuzama. Ile safi ya chini inapenya juu na kufungua vitundu. Vitundu hivyo vyenye kingo nyeupe ndivyo jicho linavyoviona kuwa povu. Kwa hiyo vinahitajika vitu vitatu kwa wakati mmoja: tabaka safi chini, nyeupe iliyokolea, na rezini iliyoanza kukaza. Kimoja kikikosekana, dalili yake inajulikana.

Nyeupe imezama, buluu imegeuka maziwa: umewahi. Rezini ilikuwa nyepesi mno. Inua kijiti, matone yakidondoka moja moja, subiri. Ikishuka kwa uzi mmoja mzito usiokatika, kama asali, anza. Katika chumba cha nyuzi 23 pengine ni nusu saa baada ya kuchanganya. Katika nyuzi 31 inaweza kuwa dakika 10 au 15, na nafasi hiyo inapita haraka. Kijiti kinasema kweli kuliko saa.

Nyeupe inavutika nyuzinyuzi, ukipuliza inakunjamana: umechelewa. Acha. Usiongeze moto ukidhani utailainisha. Itakuwa laini kwa sekunde chache kisha itaganda ikiwa imekunjamana zaidi. Iache ikauke, piga msasa namba 220, fanya wimbi jipya juu yake.

Nyeupe imefunika kila kitu, haina hata kitundu: umemwaga nyingi, au chini hakuna tabaka safi. Nyeupe imekuwa ya kijivu inayoona ndani: rangi ni kidogo, au ni ya akriliki ya mashuleni. Tafuta nyeupe ya uji mzito iliyotengenezwa kwa ajili ya rezini.

Mpangilio wenyewe ni huu. Buluu zikishakaa, mwaga ukanda wa rezini safi wenye upana wa vidole vitatu pale mchanga unapokutana na maji, uache upande kidogo juu ya vyote viwili. Juu yake, upande wa mchanga, chora mstari wa nyeupe usiozidi unene wa penseli, na usiunyooshe, mkono utikisike. Draya ya nywele ilaze karibu sambamba na ubao, kasi ya chini, joto la juu, puliza kutoka ufukweni kwenda baharini kwa mipigo mifupi. Kisha ondoa mkono utazame. Kwa muda hutaona kitu, utando mweupe tu. Halafu vinaanza kufunguka kimoja kimoja, vidogo ukingoni na vikubwa kadiri unavyoelekea kwenye buluu, na vinaendelea kutanuka bila wewe kufanya lolote. Wanaoharibu huharibu hapo, kwa kupuliza tena wakati kazi inajifanya yenyewe.

Mashine ya hewa moto ya mafundi ni bora kuliko draya kwa sababu inapuliza polepole na joto lake ni kali, lakini pia inaharakisha ukaukaji. Kwenye joto letu una nafasi ya kupita mara mbili, basi.

Ushauri wangu kwa mtu wa pwani: usifanye bahari na mawimbi siku moja. Mwaga buluu, iache ikauke, kesho fanya mawimbi juu ya tabaka safi jembamba. Unapata muda wa kupumua, ukikosea unapoteza tabaka moja tu, na povu linapokaa juu ya rezini safi linaangusha kivuli kwenye buluu ya chini, kitu ambacho mkupuo mmoja hautakupa. Tabaka la pili likimwagwa wakati la kwanza bado linashika kidole kidogo, vinaungana vyenyewe. Zikishapita saa 24, msasa kwanza.

Imetoka nzuri, ila haifanani na bahari

Hili si kosa la kikemia, lakini wateja hulisema. Mpangilio wa rangi uliozoeleka, buluu nzito inayorukia povu mara moja, ni bahari ya mahali penye maji ya kina karibu na ufukwe. Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, wimbi kubwa linavunjikia mbali, kwenye mwamba, kwa hiyo ule mstari mweupe mnene uko karibu na upeo. Kati yake na mchanga kuna feruzi pana, yenye mabaka ya kahawia na kijani ya nyasi za baharini, na povu la ufukweni ni jembamba mno. Ukitaka kuuza picha ya pwani hiyo, ukanda wa feruzi uchukue nusu ya ubao. Feruzi iwe na rangi kidogo sana, mchanga uonekane ndani yake. Buluu isiyopitisha mwanga weka nje ya mwamba tu.

Mchanga umekuwa mweusi, umejaa viputo

Rezini imefyonzwa. Mchanga mkavu unainywa kama ilivyo, hewa iliyokuwemo inatoka kwa viputo, na mchanga unabaki na rangi ya uliolowa. Ufukwe lazima utengenezwe kwanza na ukauke kabla ya maji: paka ubao rangi nyeupe, changanya mchanga na rezini kidogo, ya kushikana tu, tandaza, acha saa 24. Ukitaka uso mkavu unaokwaruza, nyunyiza mchanga juu wakati bado inanata, kesho yake futa unaobaki kwa brashi.

Mchanga wa baharini osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, kisha ukaushe juani au kwenye sufuria. Chumvi iliyobaki inavuta unyevu na kuleta ukungu.

Makombe yana tundu, na tundu lina hewa itakayotoka usiku ukiwa umelala. Paka rezini ndani ya kombe siku moja kabla. Na uangalie unayatoa wapi. Katika hifadhi za bahari za Kenya kama Watamu na Kisite-Mpunguti hairuhusiwi kuokota, na matumbawe pamoja na makombe makubwa ya Tridacna yamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake mgeni aliyekununulia kazi anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege.

Viputo kwenye mbao

Viputo vya kukoroga hupanda juu na kupasuka ukipitisha moto haraka, sentimita 10 au 15 kutoka juu, bila kusimama. Vinavyoendelea kutoka saa nzima baadaye, mahali palepale, vinatoka ndani ya mbao. Ubao ukipata joto hewa yake inatanuka na kutoka. Ukipoa unavuta ndani. Kwa hiyo tabaka la kwanza la kuziba, jembamba la brashi, lipakwe alasiri joto linapoanza kushuka, na mwago mkubwa ufanywe mchana wa siku inayofuata. Mwembe una vinyweleo vingi na huhitaji kuzibwa mara mbili. Mtiki una mafuta yake, ufute kwa asitoni kabla ya kupaka. Mbao iwe imekauka, unyevu wake usizidi asilimia 12.

Usinyunyize alkoholi kuua viputo kisha ukawasha moto. Watu wameunguza nyusi.

Vishimo mviringo ambavyo rezini inavikimbia

Mafuta. Ya vidole, ya nywele, ya vipodozi, moshi wa vitumbua kama unafanyia kazi karibu na jiko, au dawa ya kung'arishia samani. Kingine ni tabaka jembamba mno. Chini ya milimita 3 rezini haina uzito wa kujisawazisha. Msasa namba 320 sehemu yote, siyo kishimo peke yake, futa, mwaga tena tabaka kamili.

Povu limekuwa la manjano

Jua. Miale yake huivunja epoksi polepole, na nyeupe ndiyo inayosema kwanza; buluu iliyofunikwa na manjano inaonekana tu imekuwa ya kijani. Chagua rezini yenye kinga ya miale, ujue kwamba kinga hiyo inachelewesha, haizuii. Kazi ya barazani ipakwe vanishi ya nje yenye kinga pia. Kigumishi kilichokaa chupani mpaka kikawa cha rangi ya chai bado kinakausha, lakini kitumie kwenye buluu nzito. Na rangi nyingi za wino wa alkoholi hupauka juani, hata kama rezini yenyewe ni nzima.

Mengine ya haraka

Matone yaliyoganda chini ya ukingo: bandika tepu ya karatasi upande wa chini kabla ya kumwaga, uibandue rezini ikiwa bado laini kidogo. Maji yote yamehamia upande mmoja: meza haiko sawa, weka pima maji kwa urefu na kwa upana. Kumbikumbi wakati wa masika: chandarua huzuia wadudu lakini vumbi linapita, boksi la karatasi lililofunikwa juu ni bora. Alama ya kikombe cha chai: rezini nyingi za sanaa huanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60, na chai ya moto iko juu zaidi, trei ya kuuza mwambie mnunuzi. Rezini iliyoganda punjepunje nyeupe chupani, jambo la Arusha, Njombe na Nairobi mwezi Julai: iweke chupa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 mpaka iwe safi, iache ipoe ndipo uchanganye.

Ngozi inawasha

Vipele vyekundu kwenye vifundo vya mikono, kope zilizovimba, kuwashwa kunakoanza saa kadhaa baada ya kazi: mwili umeanza kuikataa epoksi. Inaweza kuja baada ya miaka ya kufanya kazi bila shida, na ikishaingia huwa haitoki. Kila ukigusana nayo inarudi kwa nguvu zaidi. Acha kazi, muone daktari wa ngozi. Kwa ambao hayajawafika: glavu za nitraili, zibadilishwe zikichafuka, mikono mirefu, barakoa ya mvuke yenye kichujio cha makaa, na ya vumbi unapopiga msasa. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Asitoni ni ya vyombo. Kwenye ngozi inaiyeyusha rezini na kuipeleka ndani.